Raketi ya Mchikichini na Swali la Nani Analipa



Jumamosi iliyopita nilikuwa nakatiza soko la Mchikichini kutafuta shati la kwendea kazini, nikakutana na raketi ya tenisi. Ilikuwa imelazwa juu ya lundo la mabegi ya mgongoni, nyuzi mbili zimekatika na mpini umechubuka. Muuzaji akaniona nimesimama.

"Chukua kaka, hiyo ya badminton. Elfu kumi na tano tu."

Jirani yake akadakia: "Badminton wapi wewe, hiyo ya skwoshi."

Nikawaambia ni ya tenisi. Kosa kubwa. Muuzaji akacheka, "Aah, kumbe unaijua! Basi elfu ishirini." Tulivutana pale kama robo saa, mwisho nikaondoka nayo kwa elfu kumi na mbili na bila shati. Nyumbani mama aliniuliza ile ni nini, nikamwonyesha. Akaniuliza tena: "Utachezea wapi?"

Swali hilo limenikaa kichwani wiki nzima, na ndilo lililonifanya niandike haya. Maana ukitaka raketi hapa Mchikichini utaipata. Mtumba hauna ubaguzi, belo likifunguliwa hutoka chochote ambacho Mzungu amechoka nacho. Viatu vya kuteleza kwenye barafu nimeviona kwa macho yangu pale sokoni. Lakini raketi peke yake haimfanyi mtu kuwa mchezaji, na mchezaji mzuri bado hajawa mtu anayeishi kwa mchezo huo. Katikati hapo kuna gharama kubwa, na leo nataka tuiangalie historia ya gharama hiyo kupitia maisha ya mchezaji mmoja wa jirani zetu, Angella Okutoyi wa Kenya.

Kwanza tuanzie hapa nyumbani. Kwa miguu kutoka kwetu nafika Jangwani kwenye jengo la Yanga, nafika Msimbazi kwenye jengo la Simba, nafika Uwanja wa Karume. Kila mtaa una timu ya mpira, kona ya drafti na vijana wanaonyanyua vyuma vilivyomiminwa zege kwenye makopo. Kiwanja cha tenisi? Unavuka Kariakoo, unavuka Mnazi Mmoja, unapita katikati ya mji, unaelekea upande wa bahari hadi Gymkhana. Kwa kilomita si mbali. Kwa historia ni mbali sana.

Waingereza walipoitawala Tanganyika waliendeleza mpango wa Wajerumani wa kuigawa Dar es Salaam kwa rangi. Kulikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kariakoo, ambayo jina lake limetokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Mwingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikawa Uswahilini, na Ilala ikafuata. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama mpaka kati ya Waafrika na wenzao. Klabu za tenisi zilikuwa upande wa pili wa mpaka huo. Mswahili aliyeingia kule aliingia kama mfanyakazi, si kama mwanachama. Baada ya Uhuru mlango ulifunguliwa, lakini kiwanja hakikuhama, na ada ya uanachama ikaanza kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na rangi.

Hali ilikuwa hivyohivyo Nairobi, Kampala na karibu kila mji uliotawaliwa. Ndiyo maana ukifuatilia Waafrika weusi waliofika mbali kwenye tenisi, mara nyingi utakuta kuna mtu wa nje aliyewafungulia mlango.

Mfano maarufu kuliko yote ni Yannick Noah. Mwaka 1970 Mmarekani mweusi Arthur Ashe, aliyekuwa ametwaa US Open mwaka 1968, alizunguka Afrika na mwenzake Stan Smith katika ziara ya kirafiki ya serikali yao. Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi walizofika. Mwaka uliofuata Ashe akarudi barani, na mjini Yaoundé, Cameroon, akamwona mtoto wa miaka 11 hivi anayepiga mpira kama mkubwa. Ashe akatoa taarifa kwa Wafaransa, mtoto akapelekwa Nice akalelewa na mfumo wa tenisi wa Ufaransa. Mwaka 1983 mtoto huyo alimfunga Mats Wilander na kuwa bingwa wa French Open. Bendera iliyopandishwa moyoni mwa mashabiki siku ile ilikuwa ya Ufaransa, na sioni sababu ya kuwalaumu. Wao ndio waliolipa.

Kwetu Afrika Mashariki jina kubwa la zamani ni Paul Wekesa, Mkenya aliyezaliwa 1967. Yeye alipitia Marekani, Chuo Kikuu cha Chaminade kule Honolulu, Hawaii, kwenye tenisi ya vyuo. Alishinda mataji 3 ya wachezaji wawili wawili kwenye mashindano ya kulipwa ya wanaume, na mwaka 1995 alifika nafasi ya 100 duniani kwa mchezaji mmoja mmoja. Nafasi ya 100 inaweza kusikika ndogo kwa sisi tuliozoea kuhesabu vikombe. Hebu fikiria watu wote duniani wanaoshika raketi, kisha panga foleni. Mkenya alisimama wa 100.

Baada ya Wekesa, Kenya ilikaa miaka mingi ikisubiri. Tukafika kwa Angella.

Angella Okutoyi alizaliwa Januari 2004 yeye na pacha wake, Roselida Asumwa. Mama yao alifariki mara baada ya kuwazaa. Wakalelewa na bibi yao mzaa mama (wenyewe Nairobi wanasema shosho), ambaye alikuwa mfanya usafi katika shule moja jijini humo. Hapo ndipo bahati ilipojificha. Shule ile ilikuwa na kiwanja cha tenisi. Watoto wa mfanya usafi, wakiwa na umri wa miaka 4 hivi, wakaanza kupiga mipira kwenye kiwanja ambacho kwa kipato cha nyumbani kwao wasingekikanyaga.

Naomba tusipite haraka hapa. Tunapenda hadithi za "kipaji kilichoshinda umaskini". Lakini Nairobi kulikuwa na mabibi wangapi mwaka ule waliokuwa wanafagia ofisi, hospitali, nyumba za watu na shule zisizo na kiwanja? Na wajukuu wangapi wenye mikono kama ya Angella ambao hawakuwahi kuishika raketi? Kipaji kilikuwa chake. Kiwanja kilikuwa ajali.

Baada ya hapo walioendelea kumbeba hawakuwa wengi. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, likishirikiana na lile la Afrika, limekuwa likiendesha vituo vya kulea vijana wa nchi zisizo na uwezo. Angella akiwa bado mtoto alipelekwa kituo cha Burundi, na alipokua akaenda kile cha Morocco. Yaani hata ndani ya Afrika ilibidi ahame kwao ili mtu mwingine amlipie kocha, chakula na safari.

Januari 2022 sisi wa huku tunaikumbuka kwa moto. Soko la Karume hapa Mchikichini liliungua usiku, na asubuhi watu wakasimama juu ya majivu ya mitaji yao. Mwezi huohuo, Melbourne, Angella alicheza Australian Open ya vijana na kumfunga Muitaliano Federica Urgesi kwa seti 3. Akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi katika Grand Slam ya vijana. Akamfunga na Zara Larke wa Australia, akaja kutolewa raundi ya 3.

Julai mwaka huohuo ikafuata Wimbledon. Alicheza wawili wawili na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Fainali walikutana na Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, kisha wakamaliza kwa 11-9 kwenye mchezo wa kuamua mshindi. Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam ya vijana.

Mimi nilikuwa mgeni kwenye chumba cha habari wakati ule. Niliandika habari ile kwa mbwembwe zote, ikatoka ikiwa na aya 4, chini kabisa, pembeni ya tetesi za usajili. Sina kinyongo, ndivyo kazi ilivyo. Kinachoniuma ni kitu kingine. Nilisherehekea kikombe na sikuuliza hata swali moja la fedha. Ngoja niliulize leo.

Unajua bingwa wa vijana wa Wimbledon analipwa shilingi ngapi? Hakuna. Mashindano ya vijana hayana zawadi ya fedha. Na pointi alizopata ni za orodha ya vijana. Akivuka kwenda kwa wakubwa, zile pointi hazimfuati. Anaanza upya kwenye ngazi ya chini kabisa.

Ngazi hiyo ya chini inakwenda hivi. Kuna mashindano madogo ya kimataifa ambayo fungu lote la zawadi ni dola 15,000. Ukisikia dola 15,000 unaweza kudhani bingwa anatajirika. Fungu lile linagawanywa kwa wachezaji wote wa mashindano, wa mmoja mmoja na wa wawili wawili. Bingwa mwenyewe hafikishi dola 3,000. Aliyetolewa raundi ya kwanza anapata fedha ambayo haimalizi hata hoteli ya wiki. Tiketi ya ndege, viza, chakula, kocha na nyuzi za raketi ni juu yake.

Pointi nazo zina ukatili wake. Bingwa wa mashindano haya madogo anapata pointi 15, bingwa wa Grand Slam anapata 2,000. Na pointi huishi wiki 52 tu, kisha zinafutika. Kwa hiyo mchezaji hawezi kusema acha nipumzike mwaka mmoja nikatafute mtaji. Akisimama anashuka. Huu ni mchezo unaomlazimu maskini kusafiri kila wiki kama tajiri.

Ndiyo maana mahali mashindano yanapofanyika ni jambo kubwa kuliko tunavyodhani. Kule Tunisia mji wa Monastir umekuwa ukiandaa mashindano haya madogo karibu kila wiki. Kijana wa Kitunisia anaweza kulala nyumbani kwao, akapanda basi, akatafuta pointi zilezile ambazo Mkenya anazifuata kwa ndege mbili na viza. Nairobi nayo imewahi kuandaa mashindano ya ngazi hiyo, ila kwa wiki chache chache. Hapa Dar nadhani kila mtu anajua jibu.

Angella akafanya alichofanya Wekesa kabla yake. Alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama, kwa ufadhili wa masomo. Kuna waliolalamika mitandaoni kwamba amekimbia mashindano ya kulipwa. Mimi nawauliza, angefanya nini? Chuo kilikuwa kinampa kocha, gym, daktari, chakula, kitanda na shahada. Ni udhamini ambao hakuna kampuni ya huku iliyowahi kumpa mcheza tenisi. Bei yake ilikuwa kwamba sehemu kubwa ya mwaka alivaa jezi ya chuo, na wiki za kutafuta pointi zake mwenyewe zilibaki chache.

Bei hiyo ilionekana wazi mwaka 2024. Machi, kwenye Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra, Angella alimfunga Lamis Alhussein Abdel Aziz wa Misri fainali na kutwaa dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja. Dhahabu ile ilibeba tiketi ya Olimpiki ya Paris, lakini yenye sharti. Bingwa alitakiwa pia awe ndani ya 400 bora duniani. Ubingwa wa Afrika alikuwa nao, hizo pointi hakuwa nazo. Olimpiki ya Paris ikachezwa bila yeye. Wadau, mtu anaweza kuwa namba 1 wa bara zima na bado akakosa nauli ya kuthibitisha hivyo.

Sasa turudi kwenye ile fainali ya Wimbledon 2022, tuvuke neti tuangalie upande wa walioshindwa.

Victoria Mboko wazazi wake wanatoka Kongo. Waliondoka Kinshasa wakahamia Amerika ya Kaskazini, yeye akazaliwa Marekani na kukulia Kanada. Kama wazazi wale wangebaki walikokuwa, Victoria naye angekuwa mtoto wa Kiafrika anayetafuta kiwanja. Badala yake alikua kwenye nchi ambayo chama chake cha tenisi kilifungua kituo cha taifa cha mafunzo mjini Montreal mwaka 2007, chenye makocha na fungu la kuwasafirisha vijana. Alianza mwaka 2025 akiwa nje ya 300 bora. Agosti mwaka huo, akiwa na miaka 18, alitwaa ubingwa wa mashindano makubwa ya Kanada palepale Montreal. Njiani alimtoa Coco Gauff, akamtoa Elena Rybakina, na fainali akamfunga Naomi Osaka baada ya kupoteza seti ya kwanza. Alimaliza mwaka ndani ya 20 bora duniani.

Kwenye neti ile ya 2022 walisimama wasichana wawili wenye asili ya Afrika. Aliyeshinda akaenda chuo kutafuta ufadhili. Aliyeshindwa, miaka 3 baadaye, alikuwa anawafunga mabingwa wa dunia. Sisemi kwamba fedha ndiyo tofauti pekee. Mboko ana silaha zake, ana kocha wake Nathalie Tauziat aliyewahi kucheza fainali ya Wimbledon mwaka 1998, na ana moyo. Majeraha nayo hayaulizi mtu pasi ya kusafiria. Lakini angalieni jambo moja. Mashindano yale ya Kanada ndiyo yanayokiingizia chama chao fedha nyingi za kuendeshea mafunzo. Yaani msichana alishinda mashindano yaleyale yaliyomlipia makocha. Tiketi wanayokata mashabiki leo inamlea bingwa wa kesho. Hilo duara sisi hatuna.

Sisi duara letu linaanzia kwa bibi mwenye ufagio, linapita kwa wafadhili wa nje, linaishia uwanja wa ndege ambako viongozi wanakuja na mashada kumpokea mtu waliyemfahamu jana. Na sisi waandishi tupo pale na kamera.

Ninajua wengine mtaniambia, kaka, nchi ina matatizo mengi, tenisi ya nini? Nakubali. Hospitali kwanza, madawati kwanza. Lakini hoja yangu si tenisi peke yake. Raketi inatuonyesha waziwazi kitu ambacho mpira wa miguu unakificha. Kwenye soka mtoto wa Mchikichini anaweza kuanza na mpira wa makaratasi kwenye vumbi, na tukaaminishana kwamba kipaji kinatosha. Kwenye tenisi uongo huo haukai. Unaiona kila hatua na bei yake: kiwanja, kocha, nauli, viza, hoteli. Ukishaiona hapo utaiona na kwenye ndondi, riadha, muziki, mpaka kwenye uandishi wetu huu. Kabla ya kila ushindi kuna miaka ambayo mtu hajashinda chochote na bado anahitaji kula. Nani analipia miaka hiyo? Wekesa alilipiwa Hawaii. Noah alilipiwa Nice. Angella alilipiwa Bujumbura, Casablanca na Alabama.

Kwa hiyo siku nyingine mkisikia waziri yeyote anaahidi "kuibua vipaji", naomba mumuulize swali la mama yangu: watachezea wapi? Wakijibu, ongezeni na la kwangu: na wiki ya 2, atawalipia nani?

Kuhusu raketi yangu. Fundi mmoja wa viatu pale Kariakoo amenishonea mpini kwa kipande cha ngozi ya begi. Nyuzi amejaribu, kafunga fundo, inapiga hivyohivyo. Jana jioni watoto wa mpangaji mwenzetu waliiomba. Wamefunga kamba ya kuanikia nguo kati ya mlingoti wa umeme na nondo ya dirisha, wametundika kanga juu yake, wanapokezana raketi moja huku mwingine akirudisha mpira kwa kifuniko cha ndoo. Yule mdogo, wa miaka kama 7, ana mkono wa kushoto mzito kweli. Mpira ulipita juu ya kanga, ukagonga geti la jirani, jirani akatoka akafoka, mchezo ukaisha.

Nawakilisha.